Ati Anajiona

Mwaka jana supavaiza wangu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kazi naiweza lakini shida yangu ni moja: najiona. Kosa langu lilikuwa swali. Kwenye mkutano wa Jumatatu niliuliza pesa zetu za miezi mitatu, sisi watu wa kandarasi, zingeingia lini. Niliuliza mbele ya watu, bila "samahani", bila ile "naomba tu kuuliza" ambayo sisi hufunzwa tukiwa wadogo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Jina la kampuni halina maana hapa. Wewe pia pengine uko na yako.

Wikendi hiyo nikiwa kwa keja bila mpango, beshte yangu akaniambia nitafute filamu moja ya 2020 kuhusu dereva mstaafu wa Marekani, Willy T. Ribbs. "Huyo ni wewe na gari," akasema. Filamu inaitwa Uppity. Kule kwao neno hilo lina historia chafu: ndilo Mzungu alilomtupia Mweusi aliyesahau mahali alipopangiwa kukaa. Sisi tunalo letu, na limetoshea kabisa. Anajiona.

Niliitazama mara mbili. Tangu hapo nimekuwa nikigombana na watu kuhusu Ribbs, kwa base, kwa matatu, hata kwa arusi moja Thika. Sasa wacha nigombane hapa.

Kwanza, tafadhali usimgeuze huyu jamaa kuwa hasla. Najua tunapenda zile stori za mtoto aliyetoka shimoni na viatu vilivyotoboka. Ribbs alikulia San Jose, California, kwa familia iliyokuwa na pesa zake. Babu yake alianzisha biashara ya ufundi wa mabomba ya maji, na baba yake, aliyejulikana kama Bunny, alikuwa akishiriki mbio za magari wikendi kwa kujifurahisha. Nyumba ilikuwa na magari, zana, na mtu wa kumwonyesha kijana namna ya kuingia kwa kona. Mwaka wa 1977 alivuka bahari akaenda Uingereza kujaribu bahati yake kwenye Formula Ford, daraja ambalo madereva wachanga huanzia, na msimu wake wa kwanza tu akabeba ubingwa wa Dunlop. Mgeni, kwa barabara asizozijua, kwa mvua ya Waingereza. Kama bidii na kipaji ndivyo vitu pekee vinavyohesabiwa, simu ingeanza kulia hapo.

Simu iliyolia ilitoka Charlotte, North Carolina. Mwaka wa 1978 Humpy Wheeler, aliyekuwa msimamizi wa uwanja wa mbio wa huko, alitaka kumwingiza kwenye World 600, mojawapo ya mbio kubwa za NASCAR. Ribbs hakutokea kwa mazoezi mawili aliyokuwa amepangiwa, na polisi wakamkamata mjini akiendesha gari upande usiofaa kwa barabara ya njia moja. Wheeler akamwondoa. Sitamtetea hapo. Ukiitwa na mtu aliyekuwekea jina lake rehani, unafika.

Lakini uliza gari lake alipewa nani. Alipewa kijana mmoja ambaye wakati huo hakuwa anajulikana sana, jina lake Dale Earnhardt. Ndiye huyo, bingwa mara saba wa NASCAR. Na Earnhardt alijulikana kwa nini? Kwa upole? Earnhardt alijulikana kwa kumgonga mwenzake kwa nyuma mpaka amwondoe njiani. Wakampa jina la utani kwa sababu hiyo, wakamwita The Intimidator, yaani mtishaji watu. Wakaliandika kwa fulana, wakaliandika kwa kofia, watoto wakavaa. Ile hali ya kukataa kupisha mtu, kwa huyu iliuza nguo. Kwa Ribbs ilikuwa ushahidi.

Au chukua A. J. Foyt, mshindi wa Indianapolis 500 mara nne, mzee anayeheshimiwa kote kwenye mchezo huo. Mwaka wa 1997, akiwa mwenye timu, na umri wa kuwa babu, alimvamia Arie Luyendyk hadharani pale Texas, pale pale washindi wanaposherehekea, kwa sababu Luyendyk alikuja kulalamika kwamba matokeo yamekosewa. Na kweli yalikuwa yamekosewa: Luyendyk ndiye aliyetangazwa mshindi baadaye. Muulize shabiki yeyote wa zamani kuhusu siku hiyo, utaona anavyotabasamu. Ni Foyt bana. Ndivyo alivyo.

Hii ndiyo hoja yangu yote na siwezi kuifanya iwe ngumu kuliko ilivyo. Tabia ni moja, lakini jina lake hubadilika kulingana na nani anayo. Mmoja ana moto wa ushindani, mwenzake ana mdomo. Na yule anayetoa majina ndiye pia anayetoa magari.

Ribbs alirudi kwa njia ya Trans-Am, mbio za magari mazito ya Kimarekani kwenye barabara zenye kona. Mwaka wa 1983 alipewa Camaro na timu ya DeAtley, akiwa pamoja na David Hobbs, Mwingereza mkongwe. Hobbs akachukua ubingwa. Ribbs, msimu wake wa kwanza, akashinda mbio tano, akatajwa kuwa mgeni bora wa mwaka. Na kila akishinda alikuwa na mchezo wake: anapanda juu ya gari, anacheza ile hatua ya miguu ya haraka haraka ya Muhammad Ali.

Naomba uitulie hiyo picha kidogo. Huu ni mchezo ambao ukishinda unavua helmeti, unamshukuru mdhamini, unamshukuru mtengenezaji wa tairi, unamshukuru Mungu kama muda upo, halafu unashuka. Na hapa kuna Mweusi mrefu mwembamba amesimama juu ya paa la gari la watu, miguu inaenda kama cherehani. Najua kuna waliocheka. Najua pia kuna waliosema, huyu naye, si ashinde tu anyamaze. Hata mimi mara ya kwanza kuona nilijikunja kidogo, nikajisikia nikimwambia, manze shuka. Baadaye nikajiuliza sauti hiyo ni ya nani. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mwalimu wa nidhamu wa shule ya upili, na ya shangazi zangu, na ya supavaiza wangu.

Mapema 1984 alizozana na dereva mwenzake mpaka mikono ikatumika, na timu ikamfukuza. Hapa ndipo beshte yangu mwingine hunikatiza. "Ona sasa. Huwezi kupiga mtu halafu ukalilia ubaguzi." Sawa. Alikosea, na alifutwa, na hiyo ni haki. Lakini fuata hadithi hatua moja mbele. Jack Roush akamchukua kwa upande wa Ford, na Ribbs akaendelea kushinda. Alipomaliza alikuwa na ushindi 17 wa Trans-Am. Kama kweli tatizo lilikuwa hasira, basi dawa ilijulikana: adhibu kosa, halafu mpe gari, kwa sababu anashinda. Roush alifanya hivyo. Wengine waliichukua ile ngumi moja wakaiweka mfukoni kama risiti, na kila walipoombwa gari waliitoa.

Halafu ikaja Estoril.

Jumapili za Formula One kwa base yetu lazima mtu aseme Lewis Hamilton ndiye Mweusi wa kwanza. Wa kwanza kushindana, ndiyo, Melbourne 2007. Lakini wa kwanza kuendesha gari la Formula One ni Ribbs. Kabla ya msimu wa 1986 Bernie Ecclestone, aliyekuwa mwenye timu ya Brabham, alimpeleka Estoril, Ureno, akamweka ndani ya gari lenye injini ya BMW ya tabo. Injini za enzi hizo zilikuwa vichaa. Unakanyaga, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo mmoja, na kama bado uko katikati ya kona hiyo ni shida yako. Ribbs aliliendesha, akalirudisha zima.

Mdhamini wa Brabham alikuwa Olivetti, kampuni ya Kiitaliano ya mashine za ofisini. Msimu wa 1986 madereva wa Brabham wakawa Elio de Angelis na Riccardo Patrese, Waitaliano wawili. Mimi sioni njama hapo, na usinielewe vibaya, de Angelis na Patrese walikuwa madereva wa kweli. Naona biashara. Mdhamini anauza bidhaa kwa watu wake, anataka sura ya watu wake. Hivyo ndivyo mchezo huu unavyofanya kazi, jana na leo: gari linafuata pesa, na pesa inafuata sura ambayo mwenye pesa anaweza kuiona kwenye bango la kwao. Sasa niambie mwaka wa 1986 ni bango gani Ulaya lilikuwa linangoja sura ya Ribbs.

Mwezi wa tano mwaka huo de Angelis alipata ajali akifanya mazoezi Paul Ricard, Ufaransa, akafariki. Mungu amlaze pema. Gari likabaki bila dereva katikati ya msimu. Akapewa Derek Warwick, Mwingereza, dereva mzuri aliyekuwa hana timu. Mtu aliyeliendesha gari la timu hiyo hiyo miezi michache nyuma alikuwa Marekani, anatafuta kazi. Mwaka huo akapata mbio tatu za NASCAR kwa timu iliyokuwa inaishiwa, zikaisha, akarudi kwa magari ya IMSA chini ya Dan Gurney na Toyota. Huko pia akashinda.

Kwa hivyo kutoka Estoril mpaka Melbourne ni miaka 21. Watu huisoma namba hiyo kama umbali kati ya Ribbs na Hamilton. Mimi nahesabu watoto waliokuwa na miaka minane 1986, wakawa na ishirini na tisa 2007, na hawakuwahi kumwona mtu hata mmoja.

Sasa Indianapolis, ambako kila mtu hupenda kumalizia. Alijaribu mara ya kwanza 1985, Don King yule wa ndondi akiwa nyuma yake, akajiondoa. Alirudi 1991 na timu ya Derrick Walker, bajeti ndogo, injini za Buick zikimfia mikononi. Kufuzu Indy si kuendesha tu: magari yanayoanza ni 33, na siku ya mwisho wewe uliye wa polepole unasukumwa nje na atakayekuja na kasi kuliko yako. Siku hiyo ya mwisho Ribbs alitoka akazunguka mizunguko yake minne kwa wastani wa maili 217 kwa saa, karibu kilomita 350. Akiingia kwa njia ya mapito ya timu alijiinua nje ya gari nusu ya mwili, likiwa bado linatembea, mikono yote hewani, anapiga kelele. Tangu mbio hizo zianze 1911, miaka 80, yeye ndiye Mweusi wa kwanza kufuzu.

Siku ya mbio yenyewe alianza nafasi ya 29. Injini ikafa baada ya mizunguko mitano kati ya 200. Rick Mears akashinda.

Na hapo ndipo wale wa motisha huingia na bango lao. Wa kwanza! Amevunja vizuizi! Mimi nasema hivi: ukiniambia mtu ni wa kwanza baada ya miaka 80, hujanipa habari kuhusu huyo mtu. Umenipa habari kuhusu wenye uwanja. Indianapolis hiyo hiyo, miaka ya 1920, ilikuwa na madereva Weusi waliozuiwa kwa rangi kuingia 500, wakaanzisha mbio zao wenyewe, Gold and Glory, mwaka wa 1924. Charlie Wiggins, fundi wa magari wa mji huo, alizishinda mara nne. Walikuwepo, mji mmoja na uwanja. Kwa hivyo "wa kwanza" si kwamba hakukuwa na mwingine. Ribbs mwenyewe alirudi 1993, akamaliza wa 21 baada ya mizunguko 194. Mweusi aliyefuata kufuzu, George Mack, alikuja 2002. Mlango uliovunjwa haukai hivyo. Huo ni mlango uliofunguliwa, mtu akapita, ukarudishwa.

Hata ile pesa ya Walker, nyingi yake ilikuwa ya nani? Ilitoka kwa Bill Cosby. Najua. Jina hilo siku hizi huwezi kulitaja bila watu kugeuza shingo, baada ya wanawake wengi kujitokeza, hukumu ya 2018, na hukumu hiyo kufutwa na mahakama ya juu ya Pennsylvania 2021. Sina hamu ya kumsafisha mtu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha njia ilivyokuwa nyembamba: dereva mwenye ushindi 17 wa Trans-Am, ili afike Indy, ilibidi apate tajiri mmoja Mweusi maarufu wa kumlipia. Kampuni za sigara na bia na mafuta, zilizochora majina yao kwa kila bati lililokuwa linatembea, zilikuwa wapi?

"Lakini kama angekuwa mpole," beshte yangu anasema. Yeye huwa na hii moja ya mwisho, huitunza mpaka bili ije. "Kama angenyenyekea kidogo tu."

Nilikuwa nikikosa jibu. Halafu nikasoma kuhusu Wendell Scott.

Scott alikuwa wa Danville, Virginia. Aliendesha NASCAR enzi ambazo hoteli na mikahawa ya Kusini haikumpokea. Alitengeneza magari yake mwenyewe, kwa vipuri vya mitumba, wanawe wakiwa ndio mafundi wake. Na alikuwa mpole. Hiyo ndiyo sifa ambayo kila mtu anayemkumbuka huanza nayo: alimeza. Alitukanwa, akameza. Aligongwa makusudi, akameza. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, aliongoza mbio mpaka mwisho, akawaacha wengine mizunguko miwili nyuma. Bendera ya ushindi wakampa Buck Baker. Baker akapokea kombe, akapiga picha. Saa kadhaa baadaye, watu wameenda nyumbani, wasimamizi wakakubali kwamba kulikuwa na makosa ya kuhesabu na Scott ndiye aliyeshinda. Kombe lenyewe halikuja. Alishindana karibu mara 500 kwa daraja la juu la NASCAR, bila kampuni kubwa kumdhamini ipasavyo, akafariki 1990. Familia ilikabidhiwa kombe rasmi la ushindi huo 2021.

Basi niambie wewe unayeshika bili. Mpole alinyenyekea, wakachukua kombe lake. Ribbs akakataa kunyenyekea, wakachukua gari. Kama majibu ni yale yale kwa tabia mbili zinazopingana, tabia haikuwa swali.

Najua Nairobi si Charlotte. Supavaiza wangu ni Mkenya kama mimi, tunasali kanisa la aina moja, na rangi si kitu kati yetu. Sitaki kujivika historia ya watu wengine kama koti. Nilichokitambua ni ule ujanja tu. Unauliza kuhusu pesa, unajibiwa kuhusu tabia. Na ukishaanza kujitetea kwamba hujioni, kwamba umelelewa vizuri, mama yako alikufunza heshima, umeshapoteza, kwa sababu hakuna anayezungumzia pesa tena. Nilitoka ofisini siku ile nikiwa nimeomba msamaha. Mimi. Kwa watu wanaonidai nini?

Ribbs aliendelea kidogo kidogo: mwaka wa 1999 mbio moja ya magari ya Indy huko Las Vegas, 2001 msimu kwenye pikapu za NASCAR. Mwaka wa 2011, akiwa na zaidi ya miaka 50, aliingia mbio moja Baltimore na vijana wanaoweza kuwa wanawe. Ukimsikia akiongea kwenye filamu bado anajiona kabisa. Anacheka kwa sauti, anataja majina ya waliomkosea, anataja na waliomsaidia, na hasemi kwamba angefanya tofauti.

Jumatatu nilituma tena barua pepe ya miezi yangu mitatu. Hii ni ya nne. Zile tatu za kwanza zilianza na "samahani kwa usumbufu". Hii inaanza na kiasi.